Masinia ya Wakfu Nayo ni Amana

 

Mji wetu wa Tabora una mazoea ya kale ya kupokea wageni. Misafara iliyotoka Bagamoyo ilipumzika hapa Unyanyembe kabla ya kushika njia ya Ujiji, na mizigo ya vitambaa, shanga na nyaya za shaba ikibebwa na wapagazi. Mwaka 1912 reli ikafika, na bidhaa za madukani zikapata njia nyepesi zaidi. Ukarimu ule ungali hai: hakuna maulidi, harusi wala msiba usiokutanisha watu kwenye sinia moja. Masinia mengi, pamoja na mabakuli na mabirika, ni yale ya bati yenye rangi nyeupe au maua, na baadhi yake yametolewa wakfu msikitini ili kila mwenye haja aazime.

Inafaa tujue vyombo hivi vimeumbwaje. Ndani ni bati la chuma. Juu yake umeyeyushwa unga wa kioo kwa moto wa nyuzi joto zipatazo 800 za Selsiasi, ukashikamana na chuma. Tabaka hilo huitwa enameli. Likiwa zima halipati kutu, halinyonyi harufu, na ndimu au ukwaju hauligusi chuma. Lakini kioo ni kioo: kikigongwa humeguka.

Madhara huingia kwa milango mitatu. Kwanza, kipande cha kioo kilichobanduka huweza kuchanganyika na wali na kumjeruhi mlaji. Pili, chuma kilichobaki wazi hushika kutu, na tundu lake huficha mabaki ya chakula. Tatu, rangi za baadhi ya vyombo, hasa vya zamani au vyenye nyekundu, manjano na chungwa upande wa ndani, huweza kuwa na madini ya risasi au kadimiamu. Vitu vichachu vikilala humo, madini hayo huweza kuingia katika chakula. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama, na watoto ndio wanaoathirika zaidi, kwa kuwa sumu hiyo huharibu ubongo unaokua.

Basi tuwanasihi akina mama, mabinti na vijana wanaosimamia shughuli. Msitie maji baridi katika chombo kilichotoka motoni, wala msikiache kitupu juu ya jiko la mkaa. Chuma na kioo havitanuki sawasawa, na hapo enameli hupasuka. Pakueni kwa mwiko au upawa wa mti. Chakula kikigandia, kilowesheni kwa maji ya uvuguvugu, kisha sugueni kwa kitambaa au sponji. Mchanga, majivu na waya wa kusugulia sufuria hukwaruza. Kausheni vizuri, na mnapopanga masinia wekeni kitambaa baina yake. Achari, mchuzi wa nyanya na maji ya ukwaju visilale humo. Vihamishieni katika chombo cha kioo.

Kabla ya kupakua, kilekezeni chombo kwenye mwanga. Mkiona doa jeusi au la kutu upande wa ndani, kisitumike tena kwa chakula. Kukipaka rangi si dawa, bali ni kuongeza madhara. Hata hivyo si lazima kitupwe, maana israfu nayo imekatazwa: kitafaa kunawia mikono au kupandia maua.

Kwa vyombo vya msikiti, tunapendekeza jambo jepesi. Mwazimaji na mtunzaji wavikague pamoja wakati wa kuvitoa na wakati wa kuvirudisha, na idadi iandikwe daftarini. Kilichomeguka kitajwe bila haya, kitengwe, na mwenye uwezo atoe kingine. Aliyetoa wakfu alikusudia thawabu ya kulisha watu. Kuwapakulia katika chombo chenye dhara ni kuiharibu nia yake njema. Sheria yetu inataka madhara yaondolewe, na kuyaondoa huku kunahitaji macho na dakika chache tu.