Bohari ya Video na Njia ya Mbarara

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na pwani ya Afrika Kusini. Intaneti ikazorota nchini Kenya, Tanzania na hapa Uganda. Katika ajali za namna hiyo hutokea ajabu moja: barua ya kwenda Ulaya hukwama njiani, ilhali wimbo unaopendwa huendelea kuchezwa simuni kana kwamba hapana lililotokea.

Askari hatashangaa akikumbuka bohari. Hakuna kombania inayomtuma kila mpiganaji Mombasa kuchukua maharage yake. Chakula husafirishwa kwa pamoja, kikawekwa karibu. Seva ya akiba hufanya vivyo hivyo: mtazamaji wa kwanza huiletea video kutoka mbali, nayo hubakiza nakala, wa pili na wa mia hupewa nakala hiyo. Video hukatwa vipande vya sekunde chache, na nafasi ikiwa haba huweza kuhifadhiwa vipande vya mwanzo tu, picha ianze mara moja huku vingine vikifuata. Nakala isiyoulizwa tena hutupwa.

Nakivale, wilayani Isingiro, pana wakimbizi zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Mchuuzi wa kituo cha biashara kama Base Camp, anayeshusha filamu mara moja kisha akaiuza kwa kadi za simu za watu arobaini, ameendesha bohari hiyo pasipo kufunzwa na mtu. (Haki ya mwenye filamu ni kesi nyingine.)

Kampala ina kituo cha kubadilishana mawasiliano tangu mwaka 2001, na baadhi ya makampuni makubwa ya nje yameweka seva zao mjini humo. Lakini kutoka Kampala hadi Mbarara ni kilomita 270 hivi, kisha ndipo ianze njia ya Nakivale. Video moja ikiombwa na simu mia, njia hiyo yote hubeba mzigo uleule mara mia.

Zamani chuo au ofisi yoyote iliweza kujiwekea akiba. Siku hizi video nyingi hupita zimefungwa kwa siri baina ya mtazamaji na kampuni, na seva ya kati haioni kilichomo. Hivyo bohari iko nchini mwetu, bali ufunguo uko kwa mgeni, naye huhesabu faida kabla ya kuja Mbarara. Sisi twaona serikali inapojadiliana na makampuni hayo idai Mbarara kwa jina.

Na afisa wa zamu asidanganyike. Video inayocheza huthibitisha kwamba bohari ya karibu inafanya kazi, wala haithibitishi kwamba njia ya mbali ni nzima. Akitaka kuijua hali ya njia, atume ujumbe upande wa pili, angoje jibu.