VIJANA WAPEWE NDOO, NGAZI ISUBIRI

Ndugu wanaushirika,

Vijana sita wameleta ombi kwenye kamati. Wanataka mfuko wetu uwakopeshe fedha wakaanze kazi ya kuosha madirisha pale Makambako. Wameandika ngazi ndefu, sare, muhuri, ndoo na sabuni. Kuna wazee waliposikia wakacheka, eti mtoto wa mkulima akawafutie vioo matajiri, huo si ni utumwa? Mimi katibu wenu nasema wakopeshwe, ila si kwa orodha ile.

Hao wanaocheka nawauliza: gunia la mahindi tunampelekea nani? Si hao hao wa mjini? Kazi yenye bei mliyopatana si utumwa.

Tena kazi ipo. Makambako ni njia panda. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Tunduma inapita pale, ya Njombe na Songea inaanzia pale, na stesheni ya TAZARA iko pale. Malori usiku na mchana. Gesti na maduka yamejipanga kando ya barabara, na siku hizi anayejenga anaweka dirisha la alumini lenye kioo kipana na wavu wa mbu. Kiangazi upepo unapiga, vumbi jekundu linajaa wavuni mpaka chumba kinaingia giza. Mhudumu wa gesti anafua mashuka, anadeki, anapokea wageni, dirishani hafiki.

Sasa ndugu vijana, sikieni. Muhuri hauoshi kioo. Ngazi ndefu nayo ni hatari kwa mtu asiyeizoea, na akianguka mmoja ushirika mzima utalia. Anzeni na nyumba za chini. Mnahitaji ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya maji safi, brashi laini, vitambaa vya pamba, na ule mpira wenye mshikio wanaoukokota juu ya kioo cha gari kwenye vituo vya mafuta. Basi.

Wavu uanze, upigwe brashi ukiwa mkavu, maana ukiulowesha kwanza vumbi linageuka tope. Halafu fremu, kioo mwisho, kutoka juu kushuka chini. Mpira ufutwe kila unapoukokota, la sivyo unaacha mistari. Msioshe kioo kinachopigwa na jua kali, sabuni itakaukia pale pale. Madoa meupe ya maji ya chumvi yanatoka kwa siki. Stilwaya na mchanga ni marufuku, vinakwaruza, na kioo cha mtu mtakilipa. Jifunzieni kwenye ofisi yetu na zahanati kabla ya kupanda gari.

Mteja wa kwanza mnampataje? Hapa ndipo vijana wengi wanakwama, wanazunguka mji mzima wakiuliza, "Mna kazi?" Jibu ni hapana. Nendeni gesti kama saa nne asubuhi, wasafiri wamekwisha ondoka. Ulizieni mwenye mali au msimamizi. Msiishie kwa yule mhudumu, atadhani mmekuja kumnyang'anya kibarua. Lakini msalimieni vizuri, maana kesho ndiye atakayewafungulia vyumba. Ombeni kuosha dirisha moja bure, lile linalotazama barabara, na la jirani yake mliache na vumbi lake. Mwenye mali atasimama nje ataona mwenyewe. Hapo ndipo mtaje bei, kwa dirisha, ndani na nje pamoja na wavu, na siku ya kurudi. Iandikwe kwenye daftari mbele yake.

Halafu msikimbilie mtaa wa mbali. Tuchukue mfano, dirisha moja shilingi 500. Gesti ya madirisha 20 ni shilingi 10,000. Mmekwenda wawili, nauli kwenda na kurudi tuseme 4,000, sabuni 1,000. Imebaki 5,000, kila mmoja 2,500. Siku nzima! Lakini mkipata nyumba tatu za namna hiyo mtaa mmoja, siku moja, ni 30,000. Nauli ni ile ile 4,000, sabuni 3,000, inabaki 23,000. Wekeni 3,000 mfukoni kulipa mkopo, kila mmoja anarudi na 10,000. Kwa hiyo mteja wa pili atafutwe mlango wa pili, na mteja wa kwanza ndiye awapeleke.

Najua kuna wanaosema tungojee mkopo wa halmashauri, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu. Ni haki yao na hauna riba, waombe. Ila una fomu zake na vikao vyake, na vumbi la kiangazi halingojei kikao. Tena daftari lenye wateja watano litawasemea huko kuliko maneno.

Kamati inakaa Jumamosi saa tisa mchana, ofisini. Vijana waje wote sita, na bei za ndoo na mpira walizoulizia madukani, si za kukisia. Mimi kura yangu ni ndiyo kwa ndoo, hapana kwa ngazi. Sare wajinunulie wenyewe wakishapata.

Katibu