Tangaza Wimbo Wako, Lakini Usinunue Hesabu ya Uongo



Leo naongea na waimbaji wetu. Na wewe usiyeimba, usiondoke, kwa sababu mwisho wa ujumbe huu kuna kazi yako pia.

Kijana wetu anatoa wimbo mpya. Amefunga, ameomba, amelipa studio, amelipa mtu wa kamera, na pengine pesa zenyewe ni za mkopo wa simu. Wimbo unawekwa YouTube. Siku ya tatu anaangalia, umetazamwa mara mia moja na kidogo, na nyingi za hizo ni yeye mwenyewe na mamake. Hapo ndipo anapata ujumbe kwa simu: "Mtumishi, tuma pesa kidogo, kesho uamke na watazamaji elfu hamsini."

Ndugu yangu, hapo ndipo huduma yako inapimwa. Jukwaani ulishapita, sasa unapimwa ukiwa peke yako na simu mkononi.

Kuna wapendwa wanaosema wimbo wa Roho Mtakatifu hauhitaji kutangazwa, eti kutangaza ni mambo ya dunia. Sikubaliani nao. Soma Luka 10:1. Bwana alichagua wanafunzi wengine sabini, akawatanguliza wawili wawili katika miji ambayo Yeye mwenyewe angepita baadaye. Ikiwa Yesu alitanguliza watu kuandaa njia, wewe ni nani uweke wimbo usiku wa manane bila kumwambia mtu, halafu ulalamike kwamba kanisa halikupendi? Katika Mathayo 5:15 Bwana anatukumbusha kwamba taa haiwashwi ili ifunikwe. Wimbo wenye ujumbe wa wokovu ni taa. Uinue!

Basi uinue namna gani? Nitasema machache.

KWANZA, anza kabla ya siku yenyewe. Wiki mbili mapema, toa klipu fupi ya kiitikio na utaje tarehe. Fundisha timu ya sifa kanisani wimbo huo. Watu wakishauimba Jumapili, wakiukuta kwenye simu wataukaribisha kama mgeni wanayemjua.

PILI, andika maneno ya wimbo chini ya video. Mama aliyesikia wimbo wako ndani ya matatu hajui jina lake. Anakumbuka mstari mmoja tu, na mstari huo ndio atakaouandika akitafuta. Kama maneno hayapo, ni vigumu akupate.

TATU, usimwage kiungo katika vikundi arobaini vya WhatsApp na kutoroka. Mtumie mtu mmoja mmoja, kwa jina lake, ukimwambia kwa nini umemkumbuka. "Shangazi, huu wimbo niliuandika wakati ule tulipokuwa hospitalini na wewe." Shangazi atausikiliza mpaka mwisho, na atautuma kwa chama chake chote.

NNE, msisahau Skiza. Wazazi wetu wengi hawana bando la kutazama video, lakini simu wanapiga. Mtu akiweka wimbo wako kwenye laini yake ya Safaricom kupitia *811#, kila anayempigia anasikia Injili kabla ya kusikia "halo". Hayo ni mahubiri bila kipaza sauti.

TANO, wape watu kitu cha kufanya. Mnakumbuka Jerusalema, wimbo wa Master KG na Nomcebo Zikode wa Afrika Kusini? Ulitoka 2019. Mapema 2020 kikundi cha wachezaji kutoka Angola kikarekodi video wakiucheza huku wameshika sahani za chakula, na dunia nzima ikafuata: wauguzi, polisi, hata watawa. Rais Cyril Ramaphosa mwenyewe akawahimiza wananchi wake waucheze Siku ya Urithi, 24 Septemba 2020. Wale wachezaji hawakuwa na studio kubwa. Walikuwa na sahani na furaha ya kweli, na kila aliyewaona aliweza kufanya vile walivyofanya. Mwimbaji, wape watu wako mstari wa kuimba na watoto wao au ushuhuda wa kusimulia.

Hizo ni njia safi. Sasa tuseme ukweli kuhusu zile chafu.

Yako makosa mawili yanayoingia katika uimbaji wetu wa Injili, nami siwezi kunyamaza. La kwanza ni kiki. Mtu anataka kutoa wimbo, basi anazusha uchumba usiokuwepo au ugomvi na mwimbaji mwenzake, ili jina lake litajwe. Huwezi kuutumia uongo kama mlango wa kumwingiza Yesu nyumbani kwa watu.

La pili ni kununua watazamaji na wafuasi bandia. Najua jibu lenu: "Pasta, kila mtu anafanya." Fungua Matendo 5. Anania na Safira hawakuhukumiwa kwa kutoa kidogo. Petro aliwaambia wazi kwamba shamba lilikuwa lao na pesa zilikuwa zao. Shida ilikuwa hesabu. Walileta sehemu, wakataka kanisa liamini ni yote. Na swali aliloulizwa Safira lilihusu kiasi tu: mliuza kwa bei hii? Hesabu ya uongo mbele ya watu wa Mungu si jambo dogo. Mithali 11:1 inasema Bwana huchukizwa na mizani ya udanganyifu, na ile namba iliyo chini ya video yako ni mizani.

Tena haikusaidii hata kibiashara. YouTube imekataza jambo hilo. Ikigundua watazamaji bandia huwaondoa, na chaneli inaweza kufungwa. Ili ulipwe pesa za matangazo, njia mojawapo ni kufikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Wanatazama pia muda ambao mtu amekaa kwenye video yako. Mashine haikai. Haitoi machozi katika ubeti wa pili, haitakualika kuhudumu kwao, wala haitaokoka.

Tofautisha, tafadhali. Kulipia tangazo halali, ambalo kila anayeliona anajua ni tangazo, si dhambi. Hiyo ni kama kubandika bango la krusedi. Ila Luka 14:28 inatuambia tukae chini kwanza tuhesabu gharama. Usikope kwa riba ili ulipie tangazo la wimbo ambao hata kanisa lako halijausikia.

Na sasa, kanisa, zamu yenu. Vijana wetu wananunua watazamaji wa uongo kwa sababu wale wa kweli tumelala. Tunasema "Mungu akubariki, wimbo mzuri", na hatujausikiliza hata dakika moja. Vichekesho tunatuma kutwa nzima, lakini wimbo wa binti yetu aliyelelewa Sunday school tunaona ni mzigo kuuweka kwenye stetasi. Tunamwalika ahudumu saa mbili, kisha tunamrudisha nyumbani na maombi bila nauli. Tusishangae shetani akimletea msaada wake.

Wiki hii fanya mambo matatu. Tafuta wimbo wa mwimbaji mmoja wa kanisa lako. Usikilize mpaka mwisho, usiruke. Mtumie mtu mmoja anayeuhitaji, na umwambie kwa nini.

Mwimbaji, kama wimbo wako umetazamwa na watu themanini wa kweli, simama useme themanini bila aibu. Filipo alitolewa katikati ya umati wa Samaria, akatumwa katika barabara ya jangwani kwa mtu mmoja tu (Matendo 8). Mungu hakuona hiyo kuwa hasara.

Baba, wape waimbaji wetu bidii ya kutangaza na moyo wa kusema kweli. Walipe madeni yao, fungua milango ambayo hakuna pesa inayoweza kuinunua. Na utusamehe sisi tuliowaacha peke yao. Katika jina la Yesu, Amina.

Andika hapa chini jina la wimbo mmoja wa mwimbaji wa kanisa lako. Nitaanza kuusikiliza leo jioni. Mbarikiwe.