"Hakuna Kitu": Kauli Inayomrefushia Majeruhi Safari

Wahenga walinena kwamba aumwaye na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Aghalabu methali hii hutumiwa kumcheka mwoga. Hata hivyo, anayeizingatia kwa makini atang'amua kwamba haimcheki mtu yeyote. Inaeleza tu kuwa jino la nyoka huacha alama mbili: moja mwilini, nyingine moyoni. Alama hizo mbili ndizo zinazomwandama mtu aliyepata mtikisiko wa ubongo. Inasikitisha kwamba jamii, wakiwemo baadhi ya matabibu, imezoea kuzikabili zote kwa kauli moja fupi: "Hakuna kitu."

Na uchukuliwe mfano wa mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyeanguka kutoka kwenye bodaboda bila helmeti. Hospitalini anapigwa picha ya skani, kisha tabibu anamwambia, "Picha iko sawa, dadangu. Hakuna kitu. Nenda ukapumzike." Anarejea chuoni akimshukuru Mungu. Wiki ya sita inamkuta kichwa bado kinamgonga, taa za ukumbi wa mihadhara zinamchoma macho, na aya moja anaisoma mara tatu bila kukumbuka ilichosema. Mhadhiri anamwona amevaa miwani myeusi darasani, anadhani ni utovu wa adabu. Mwenzake wa chumbani anamuuliza, "Si ulisema daktari hakuona kitu?"

Kitu kilikuwapo. Mtikisiko wa ubongo hutokea pindi kichwa au hata kiwiliwili kinapopata kishindo kinachoutikisa ubongo ndani ya fuvu. Si lazima aliyeumia azimie. Kinachovurugika zaidi ni utendakazi wa ubongo, wala si umbo lake. Ndiyo maana skani, ambayo kazi yake kuu ni kutafuta damu iliyovuja na mifupa iliyovunjika, kwa kawaida haionyeshi lolote. Watu wazima wengi hupona katika muda wa wiki chache. Wapo wachache, hata hivyo, ambao kizunguzungu, uchovu, usahaulifu, hasira za ghafla na usingizi wa mang'amung'amu huwaandama kwa miezi kadhaa.

Kwa hivyo, tabibu aliposema "hakuna kitu" alikuwa na maana ya kwamba hakuna damu iliyovuja. Mgonjwa aliyabeba maneno hayo kama yalivyo. Dalili zilipokataa kwisha, alibakiwa na tafsiri mbili tu: ama anajisingizia, ama kipo kitu cha kutisha ambacho hakikuonekana. Tafsiri ya kwanza humtia aibu, ya pili humtia hofu. Hapo ndipo huanza kuipima akili yake kila uchao. Akisahau jina la mtu, moyo unamruka. Usiku wa manane anapekua intaneti akitafuta maana ya kila maumivu. Anakwenda hospitali ya pili, kisha ya tatu. Kila anapoambiwa yu salama, faraja inadumu siku moja.

Ubaya wa hofu ni kwamba nayo ina dalili zake. Hufukuza usingizi, hukaza misuli ya shingo, huchapuza mapigo ya moyo na kuvuruga umakinifu. Matokeo yake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu na usahaulifu, yaani mambo yale yale yaliyomtia hofu hapo awali. Mwaka 1992, Wiley Mittenberg na wenzake nchini Marekani walichapisha utafiti ambapo watu wasiowahi kuumia kichwa waliombwa kuwaza kwamba wameumia, kisha wataje dalili ambazo wangetarajia. Walizozitaja zilikaribiana mno na zile za majeruhi wenyewe. Isitoshe, majeruhi walielekea kusahau kwamba hata kabla ya ajali walipatwa na dalili kama hizo mara moja moja.

Huenda msomaji akauliza: je, huku si kusema kwamba ugonjwa wenyewe ni wa kuwaza tu? La hasha. Maumivu ni ya kweli, na jeraha lilikuwa la kweli. Hofu si ushahidi kwamba mtu anadanganya. Ni sehemu ya yale yaliyompata, nayo inastahili kutibiwa sawa na kichwa kinavyotibiwa. Anayemwambia majeruhi "acha kuwaza" amemnyima tiba mara mbili.

Linalohitajika ni maelezo badala ya kanusho. Kongamano la kimataifa kuhusu mtikisiko wa ubongo michezoni, lililofanyika Amsterdam mwaka 2022, lilisisitiza kwamba kujifungia gizani kwa siku nyingi hakusaidii. Mgonjwa apunguze shughuli kwa siku moja au mbili za kwanza, kisha aanze kutembea na kurejelea masomo hatua kwa hatua, hata kama dalili zitaongezeka kidogo kwa muda. Zikipita wiki nne, aonwe na wataalamu, akiwemo wa masuala ya nafsi. Aidha, aambiwe waziwazi mambo yanayopaswa kumrudisha hospitalini upesi: maumivu yanayozidi kuwa makali, kutapika tena na tena, kifafa, kulegea kwa mkono au mguu, au usingizi ambao haamshiki. Anayejua ishara za hatari hana haja ya kukiogopa kila kichomi.

Kuna watakaosema kwamba foleni za hospitali haziruhusu mazungumzo marefu. Ni kweli kwamba foleni ni ndefu. Lakini maelezo hayo huchukua dakika chache, ilhali mgonjwa asiyeelezwa huirudia foleni hiyo hiyo mara tatu.

Hapa ndipo wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wanapohusika. Lugha hii si maskini wa msamiati wa kichwa: ina kizunguzungu, kisunzi na kipandauso. Kinachokosekana ni ukurasa mmoja wa Kiswahili fasaha na chepesi, unaoweza kutiwa mkononi mwa majeruhi anapotoka hospitalini, uliotafsiriwa na wanalugha na kuhakikiwa na matabibu. Hiyo ni kazi ambayo darasa la tafsiri linaweza kuimaliza katika muhula mmoja. Nao wahadhiri, wanapomwona mwanafunzi wa miwani myeusi, wamuulize kabla ya kumkaripia.

Tabibu naye angetumia sentensi moja tu zaidi: "Damu haikuvuja, dadangu, ila ubongo umetikisika, utapona, na huenda ukachukua muda." Maneno hayo hayangeyaondoa maumivu ya wiki ya sita. Yangemwondolea msichana yule kazi ya kuyatafutia maana peke yake usiku wa manane.