Nafaka Yenye Ukungu Si Akiba

Wakazi wa Misigiri, na wa Iramba kwa jumla, hawahitaji kufundishwa thamani ya punje ya nafaka. Mkoa wa Singida hupata msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, na kinachoingia kihengeni baada ya mavuno ndicho kitakacholisha familia mpaka mavuno mengine. Ndiyo maana mama wa nyumba huokota hata punje zilizomwagika uani, nasi twamsifu. Lakini ipo akiba moja ambayo hatuna budi kuilaumu, nayo ni ile ya kutunza nafaka iliyokwisha kuota ukungu, eti kwa kuwa kutupa chakula ni laana.

Mwaka 2016 jirani zetu wa mikoa ya Dodoma na Manyara walipatwa na msiba ambao haufai kusahauliwa. Watu waliumwa tumbo, wakatapika, macho yakageuka manjano na matumbo yakajaa maji. Wagonjwa 68 waliorodheshwa, na 20 kati yao walifariki. Chanzo kilikuwa mahindi ya nyumbani mwao wenyewe, yenye sumukuvu. Kenya ilikwisha kuonja msiba kama huo mwaka 2004, walipokufa watu 125.

Sumu hii hutokana na kuvu wanaoshambulia mahindi na karanga, hasa zikivunwa baada ya ukame au zikihifadhiwa na unyevu. Haionekani kwa macho, na moto wa jikoni hauiondoi. Anayeila kidogo kidogo kwa miaka hudhurika ini, na huweza kupata saratani.

Sasa tutazame desturi zetu. Mahindi yaliyobadilika rangi hutengwa, ndiyo, lakini hayatupwi: hupelekwa kwenye pombe au hupewa kuku na ng'ombe. Mnywaji hunywa sumu ile ile, na ng'ombe huirudisha katika maziwa anayopewa mtoto. Hata mashudu ya alizeti, zao tunalojivunia, watafiti wamekwisha kuyakuta na sumu hiyo humu nchini. Mashudu yaliyolowa au kuvunda hayafai kuwa chakula cha mifugo.

Twafahamu kuwa ni rahisi kumwambia mtu atupe gunia wakati kihenge chako kimejaa. Kwa familia iliyobakiwa na gunia moja mwezi Februari, neno hilo ni zito mno. Kwa sababu hiyo kazi yenyewe ni ya Mei na Juni, wakati jua ni kali na nafaka ingali nyingi. Mahindi yaanikwe juu ya turubai au kichanja, yasianikwe juu ya udongo mtupu. Punje zilizovunjika na zilizooza ziondolewe kabla ya kuhifadhi, na magunia yapangwe juu ya mbao, mbali na ukuta.

Asiye na kipimo atie punje katika chupa kavu ya kioo pamoja na chumvi kavu, aitikise kwa dakika chache, kisha aiache itulie robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, nafaka bado mbichi, irudishwe juani. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa nayo inafaa sana, maana huua wadudu bila dawa, na hivyo huepusha hatari nyingine ya kuweka sumu za wadudu chumba kimoja na chakula cha watoto. Ila nafaka mbichi ikifungiwa humo itaoza tu.

Twaiomba Halmashauri ya Wilaya ya Iramba iwatume mabwana na mabibi shamba vijijini mwezi Aprili, kabla ya mavuno. Serikali za vijiji nazo zifikirie kununua turubai za pamoja, zipokezanwe nyumba kwa nyumba. Pale njia panda ya Kiomboi malori hupita na shehena iliyofunikwa vizuri kwa turubai, ilhali mahindi ya mlaji wa Misigiri yanaanikwa mavumbini.