Munyororo Si Dawa: Tunadai Sheria kwa Kila Nyumba Yenye Inachunga Vijana Wagonjwa wa Akili

Wandugu wa Lubumbashi, kuanzia Kenya mpaka Ruashi, kuanzia Katuba mpaka Kisanga,

Mu kartie yetu kuko mama mumoja mwenye anavaa ufunguo mu shingo, sawa vile wengine wanavaa rozari. Ni ufunguo wa chumba ya mutoto wake. Kijana iko na miaka 19. Mwaka uliopita alianza kusikia sauti, akaacha kulala, akaacha masomo. Jamaa ilimupeleka mu nyumba moja ya maombi. Kule walimufunga munyororo ku muguu wiki tatu, wakamunyima chakula, eti pepo inatoka na njaa. Kiisha walimupeleka mu kituo fulani cha kulipa. Alidungwa sindano, na hakuna mutu alieleza mama hata jina la dawa. Siku ya kutoka walimuzuia juu ya faktire. Mama aliuza mashini yake ya kushona. Leo kijana iko nyumbani, na kila mara mama anaenda soko, anafunga mulango na ufunguo, juu anaogopa kumukuta amekufa.

Hatuandiki hii juu ya kuchafua jina la mutu. Tunaandika juu mu safari yote ile, mama hakukutana na hata mutu mumoja mwenye alimuonyesha karatasi na kumuambia: hii njo sheria ya hii nyumba, hii njo haki ya mutoto wako. Ku kila mulango walifanya vile walitaka. Shida iko pale.

Wengine watasema: shida ni vituo vichache. Ni kweli, muji wenye zaidi ya watu milioni 2 hauwezi kutegemea Kituo cha Joseph Guislain cha Bafrere wa Charité peke yake. Lakini kuongeza vituo bila sheria ni kuongeza minyororo. Na tujue huyu Guislain alikuwa nani: daktari wa muji wa Ghent, kule Ubelgiji, alifariki 1860. Alipigania wagonjwa wa akili wasifungwe tena sawa nyama, na nyumba yenye kuwachunga ifuate sheria yenye imeandikwa. Jina lake liko ku mulango hapa kwetu. Kazi yake, mu kartie zetu, haijaanza.

Sheria za inchi tuko nazo. Katiba ya 2006, mu artikle ya 16, inakataza kutendea mutu yeyote ukatili ao kumushusha utu. Artikle ya 47 inahakikisha haki ya afya. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inalinda watoto, na inapiga malipizi mutu mwenye anasingizia mutoto ulozi. Tangu 3 Mei 2022 kuko sheria ya kulinda watu wenye kuishi na ulemavu. Karatasi ziko Kinshasa. Munyororo uko Lubumbashi.

Kwa hiyo tunadai, hatuombi:

1. Munyororo, kamba, fimbo na kunyima chakula vikatazwe mu kila nyumba yenye inachunga mugonjwa, ikuwe hospitali, ikuwe ya nganga, ikuwe ya pasta. Watoto wasilazwe pamoja na wakubwa, wala wabinti pamoja na wanaume.

2. Kila zoni ya afya ikuwe na kituo cha muchana. Kijana anaingia asubuhi, anarudi kulala kwao. Mule ndani kukuwe infirmiye mwenye alifundishwa afya ya akili, musikologe, kazi ya mikono, chakula, na muganga mwenye anapita siku yenye inajulikana. Kijana wa kule Kenya hapaswi kukatwa na ndugu zake juu ya kupata dawa.

3. Usalama uandikwe. Siku ya kwanza, kijana aulizwe waziwazi kama anawaza kujiua. Kumuuliza hakumutii wazo mu kichwa, kunamupa mulango wa kusema. Kiisha kituo na jamaa waandike pamoja: alama gani ni za hatari, nani wa kupigia simu usiku, nani anachunga vidonge na dawa ya panya mbali naye. Kama kijana amekasirika sana, kwanza wamusemeshe, waondoe watu pembeni. Kama inalazimika kumushika, wamushike na mikono, kwa dakika chache, mutu mumoja akiangalia pumzi yake. Waandike mu rejista, na jamaa ijulishwe siku ile ile.

4. Jina la dawa, kipimo chake na mabaya yake vielezwe mu luga yenye mama anasikia. Bei zibandikwe ku ukuta. Hakuna mugonjwa wa kuzuiwa juu ya deni.

5. Divisheni ya Afya ya mukoa ipite kukagua bila kupiga hodi mbele. Itangaze liste ya nyumba zenye zina ruhusa, na nambari ya simu ya kuleta malalamiko.

Tunajua majibu yenye yatakuja. Ya kwanza: «Munakatalia watu kuomba.» Hapana. Siye pia tunaomba. Pasta aombee kijana asubuhi na mangaribi, hakuna sheria itamukataza. Lakini siku anafunga mulango na kulaza mugonjwa kwake, amefungua hospitali, na hospitali inakaguliwa.

Ya pili: «Wale ni hatari, wataua mutu.» Serikali yetu, ikiogopa vijana, inajua cacho, na inajua kuwabeba mpaka Kaniama-Kasese, sawa vile ilifanya tangu 2020 kwa kuluna wa Kinshasa. Mugonjwa wa akili si kuluna. Mara mingi mwenye iko mu hatari ni yeye mwenyewe. Na mutu mwenye alifungwa wiki tatu anatoka na woga na hasira zaidi ya zile aliingia nazo.

Ya tatu: «Feza haiko.» Tunacheka, lakini na uchungu. Malori ya shaba na kobalti yanapita kila siku kwenda Kasumbalesa. Kode ya madini ya 2018 inapatia mukoa asilimia 25 ya redevansi, na asilimia 15 inaenda ku komini, sekteri na sheferi za pale madini yanatoka. Watuonyeshe franga ngapi zilienda ku afya ya akili. Na watu wa kazi? Mwenye kuandika hii barua alisoma saikolojia miaka tano. Leo anauza krediti za simu pembeni ya barabara, na haiko peke yake. Kule Harare, Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza 2006 kufundisha bibi wazee, wanakaa ku benchi mbele ya vituo vya afya na kusikiliza watu. Bibi, benchi, na mafundisho. Hata ile inatushinda?

Na siye wenyewe tujiulize. Ni nani hakucheka kichaa mu barabara? Ni nani hakupiga video akaituma mu simu? Pale tunacheka, mama anaficha mutoto, na munyororo unapata kazi.

Mheshimiwa gavana, bameya, wakuu wa komini, tunangoja jibu yenye imeandikwa na kutiwa saini. Ikikosa, tutakuja kukaa mbele ya ofisi zenu, bila jiwe na bila matusi, pamoja na bamama wenye funguo mu shingo.

Mama, ule ufunguo utauvua siku moja. Siye hatutanyamaza mpaka ile siku.

Lubumbashi wantanshi!