Waya wa baharini ukikatika, raia wa Bel-Air waambiwe siku ileile

Rezo ikianguka kule Bel-Air, katika komuni ya Kampemba, kila mtu anatafuta sababu yake. Mmoja anazima simu na kuiwasha. Mwingine ananunua mega mara ya pili. Wa tatu anasema serikali imefunga intaneti. Huyo hawezi kuchekwa: baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilifungwa nchini kwa karibu siku 20.

Lakini mara nyingine sababu iko mbali, chini ya bahari. Intaneti kati ya mabara inapita hasa katika nyaya za kioo zinazobeba mwanga, zilizolazwa chini ya bahari. Kwa upande wa Atlantiki, Kongo inaungana na waya unaoitwa WACS pale Muanda. Tarehe 6 Agosti 2023, udongo uliporomoka chini ya maji, katika bonde refu ambalo mto Kongo umelichimba baharini. WACS ulikatika, pamoja na waya mwingine, SAT-3. Ilibidi meli ya matengenezo, Léon Thévenin, iende huko. Kazi iliendelea mpaka Septemba.

Lubumbashi ina bahati ya kuwa karibu na Zambia, na nyaya za nchi kavu zinaweza kuleta intaneti kutoka upande huo. Lakini njia moja ikifa, nyingine inabeba mzigo wa zote mbili, na rezo inakuwa nzito.

Kwa familia iliyokimbia vita na kuacha ndugu Goma au Bukavu, hilo si jambo dogo. Mama akikaa siku mbili bila kupata ujumbe wa mtoto wake, anaanza kulia msiba ambao haupo.

Kwa hiyo kampuni za simu na ARPTC, inayosimamia mawasiliano, zinapaswa kutangaza siku ileile, kwenye redio na kwa Kiswahili: kitu gani kimekatika, na kama kupiga simu ya kawaida na SMS bado vinafanya kazi. Kampuni zitasema kutafuta chanzo kunachukua muda. Ni kweli. Lakini kuambia raia kwamba simu yake haijaharibika hakuhitaji meli. Tena mega zilizokufa wakati rezo haipo zirudishwe, kwa sababu zilikwisha kulipiwa.

Na familia zipatane mapema na ndugu walioko mbali: WhatsApp ikinyamaza, nani atampigia nani, na siku gani.